Nyuzi

Uçhisar watu huamka kabla ya jogoo,
hewa ikiwa bado haijagombana na jua.
Wavuta kamba tulikuwa watano,
wa sita feni,
na nyuma yetu, mikono ndani ya aproni,
Müzeyyen mshonaji,
miaka thelathini na mmoja akishona kisichomchukua.

Nilikuwa mgeni wa kazi. Nikamwuliza:
moto unainuaje nyumba nzima ya kitambaa?

Akacheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni.
"Moto hauinui kitu.
Ungekuwa unainua, jiko langu lingeishi darini.

Hewa ina uzito, kijana.
Puto hili likijaa baridi lina tani nane ndani yake,
ng'ombe kumi na sita wa maziwa, na huwaoni.
Sasa washa. Kila chembe inataka nafasi,
kama wageni wa arusi ngoma inapokolea.
Ukumbi haupanuki.
Basi wengine wanatokea mlangoni"
(akanionyesha mdomo wa puto, wazi, chini)
"na waliobaki ni wachache, ukumbi ni uleule.
Huko nje baridi imesongamana, nzito, haina adabu,
inajipenyeza chini ya kila chepesi
na kukipiga kumbo.
Ninyi mnasema kimepaa.
Kimefukuzwa."

Akaokota sindano, akaendelea na kiraka.

Agosti walimwahidi safari.
Alivaa viatu vya Idi.
Abiria kumi na wawili, yeye wa kumi na tatu,
na alfajiri ile ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa.
Rubani Rıfkı alifungua gesi, akafungua tena;
tenga likakwaruza changarawe, likakataa.
Kipimajoto cha kileleni: nyuzi mia na kumi.
Joto lote lile, na hatukuondoka hata kimo cha mbuzi,
maana nje nako kulikuwa na joto,
na joto halijui ukubwa wake mpaka limwone jirani.

Rıfkı akanyoosha mkono kwenye gesi mara ya tatu.
"Zima," akasema Müzeyyen.
"Nakijua kitambaa hiki. Kikizidi hapo, kinalegea."
Akajishusha mwenyewe, mguu mmoja, kisha wa pili,
kiatu kikadondoka.
Tenga likaondoka palepale
kana kwamba lilikuwa likimsubiri yeye tu ashuke.
Mimi nilitafuta la kusema.
Yeye alitafuta kiatu.

Hakulitaja tena. Vuli nzima, cherehani,
mpasuko wa mita nne uliokwama kwenye mpera wa watu,
uzi mwekundu wa mkopo kwa sababu duka lilifungwa.

Januari, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Kamba zilikuwa ngumu kama fito,
masharubu ya Rıfkı yamepakwa chokaa ya umande.
Abiria walewale kumi na wawili kwa hesabu.
Akatazama huku na huku.
"Mama, panda."
"Na mzigo?"
"Panda, baridi imetukopesha."

Hakuvaa viatu vya Idi. Alivaa buti za mumewe.
Mwali mfupi, mwali mwingine,
ndani nyuzi sabini tu, sabini!
na tenga likasimama hewani bila kukwaruza,
taratibu, kama mtu anayenyanyuka
asiamshe mtoto.

Rıfkı akapaza sauti: achieni.
Tukaachia.

Bonde lote lilikuwa chini yake,
nguzo za mawe, theluji kwenye mizabibu,
na wageni walinyoosha simu zao kila upande.
Müzeyyen aliinua shingo, akatazama juu, ndani ya puto,
akawa anaonyesha kwa kidole,
akipiga kelele nisizozisikia vizuri:
"Ule! Wa kushoto! Uzi wa mkopo!"

Halafu wakawa wadogo.
Pale tenga lilipokuwa, nyasi zilikuwa zimelala.
Baridi ikaja, ikakaa.